Moto Wa, Moto Ya

Mwalimu Sebagenzi alitufundisha ngeli kwa fimbo,
na mimi nikazielewa baadaye, kwa goti.
Kwetu Goma kuna moto wa:
ule wa mlimani, ulioshuka ukala nyumba,
ukanywa barabara, ukapoa, ukawa makoro meusi
tunayojengea kuta.
Na kuna moto ya: hii yangu, nyekundu,
kiti kimeshonwa mara tatu kwa uzi wa nyavu.
Siku ile moto ya iliteleza juu ya moto wa.
Hivyo ndivyo ninavyowajibu wanaouliza habari za mguu.
Wakicheka, nawaacha wacheke.

Jioni, Ndosho, mvua imekatika sasa hivi,
hesabu ya bosi bado imepungua franga elfu tatu.
Mama Kavugho akapanda na beseni la sambaza.
Kofia ya pili nilikuwa nayo, siwezi kusema sikuwa nayo.
Niliivika kiwiko changu cha kushoto,
utadhani kiwiko ndicho chenye akili za kumwagika.
Hakuniomba. Sikumpa.
Alisema tu, "Polepole, mwanangu, samaki hawa nimekopa."
Nikasema ndiyo mama,
na mkono wa kulia ukasema lake.

Simu nilikuwa nimeibana kati ya kofia na sikio.
Habamungu aliniuliza kama nimeona koti lake.
Mpaka leo sijamjibu.

Watu husimulia kishindo. Mimi sikusikia kishindo.
Nilisikia sambaza wakimwagika juu ya mawe,
maelfu, kama mvua iliyorudi kuchukua kitu ilichosahau.
Halafu sauti ya mwenye chukudu:
"Msimvute mguu! Nani amewaambia mvute?"
Alishusha makaa yake kando ya njia, gunia kwa gunia,
akatulaza juu ya mbao, mama huku, mimi kule.
Nilivyozoea kuwapita hao kwa honi na matusi!
Siku hiyo nilikwenda mwendo wao,
nikahesabu kila jiwe kwa mfupa.

Plasta, wiki kumi na moja.
Wodini tulikuwa wanamoto saba,
na usiku kila mmoja alimtaja aliyemwangusha:
lori, mbwa, mchanga, polisi, jirani mwenye kijicho.
Paluku, asiye na meno ya mbele, alimtaja shetani kwa jina na ukoo.
Hakuna aliyeutaja mkono wake wa kulia.
Nilisubiri mmoja aanze ili nimfuate.
Kukacha.

Siku hizi goti langu linaijua mvua kabla ya mlima kuvaa wingu.
Kokoto mpya naziona kama maharagwe juu ya sakafu:
nafunga breki kabla, si juu yake.
Simu inakaa kwenye soksi, iite itakavyo.
Na kofia ya pili naifua kila Jumapili,
sabuni, limau, jua la ukutani,
kwa kuwa kina mama waliikataa kwa harufu ya nywele za watu,
nami kwa miaka minne nilijifanya wanaikataa kwa ukaidi.

Mama Kavugho hakupasuka kichwa. Ni nyonga.
Anatembea kama mtu anayevuka kizingiti kisichoisha.
Deni la sambaza nimelilipa; hilo lilikuwa na bei.
Jumamosi ya kwanza nilifika mlangoni kwake,
kofia imenukia limau, nikasema, panda, mama, bure.
Akaitazama moto, akanitazama mimi,
akajitwika beseni, akaanza kutembea.

Basi nikazima.
Tangu hapo kila Jumamosi tunakwenda hivyo hadi sokoni:
yeye mbele na hatua yake ya kizingiti,
mimi nyuma naisukuma moto iliyokufa,
beseni limefungwa kwenye kiti, kwa mpira,
na limevalishwa kofia.
Wenzangu wakipita hupiga honi: "Kaka, mafuta yamekwisha?"
Yamo. Tangi limejaa.