Zege Halikauki

Mhadhiri alisema siku ya kwanza, chaki mkononi:
zege halikauki. Linakunywa.
Darasa zima wakaandika, nami nikaandika,
ila moyoni nikabisha,
maana nimekulia Usoke, kwenye mabani ya tumbaku,
ambako kila chenye thamani hukaushwa.

Baba hulala mlangoni mwa bani siku saba.
Hana kipimajoto. Huingiza kiganja kwenye tundu la ukuta,
hunusa, husema: "Ongeza moja,"
nasi huburuta gogo.
Jani likiiva rangi ya asali, ada yangu imeiva.
Kwa jani hilo nimejifunza mvutano na mgandamizo,
kwa nini boriti huumia tumboni kwanza,
na nondo hulazwa palepale panapouma.
Nimejifunza udongo kwa jina na kwa tabia:
huu mweusi wa mbuga, tuliouchezea utotoni,
kiangazi hupasuka ukameza kandambili,
masika huvimba ukabeba nyumba mgongoni.
Mtihani uliuliza: utajengaje juu yake?
Nilijibu kurasa nne. Bibi yangu
angejibu neno moja: hama.

Mwaka wa tatu, mafunzo kwa vitendo, wakanirudisha nyumbani.
Kalavati, kwenye korongo la nyuma ya shule.
La zamani lilichukuliwa na maji masika ya mwaka juzi,
likaondoka na pikipiki ya mkunga.
Fundi mkuu: Mihambo Nzigula, aliyejenga choo chetu,
na kanisa, na nusu ya Usoke, bila karatasi.
Ananiita "injinia"
kama mtu anavyomwita mbuzi wake "bwana mkubwa".

Saa saba mchana. Vibarua kumi na mmoja.
Nikaona ndoo ya ziada ikimiminwa.
"Lilainike tu, mwanangu, chepe linakataa."
Nikaleta koni yangu ya chuma, nikajaza tabaka tatu,
nikashindilia ishirini na tano, ishirini na tano, ishirini na tano,
nikainua.
Halikusimama hata kidogo. Lilijimwaga
kama uji wa mgonjwa.

Kitabuni palikuwa na jibu. Kitabuni hapakuwa na Kalunde,
mtoto mgongoni,
aliyeyabeba maji yale kichwani kutoka kisimani,
akiniangalia.
Kalamu nilikuwa nayo.
Namba nzuri ilikuwa tayari kwenye ncha yake.

Nikasema: limwagwe.

Mihambo akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.
Kisha akauliza, bila hasira:
"Maji yakizidi, yanakwenda wapi?"
Nikachuchumaa, nikachora kwa kijiti.
Yanabaki humo, fundi, yanajifanya zege.
Siku yakiondoka yanaacha vishimo,
vidogo, wewe huvioni,
korongo linaviona.
Akautazama mchoro muda mrefu.
"Kumbe kile choo," akasema,
na hakumaliza.

Tulichanganya upya. Ujira wa vibarua niliupigania kwa simu;
wakakubali nusu. Somo hilo chuoni halipo.

Jioni, upepo wa Septemba, mkavu, unalamba kila kitu.
Zege changa lataka kufunikwa, na bajeti haina kifuniko.
Baba akaja na baiskeli, magunia ya tumbaku nyuma,
yaliyobaki msimu uliopita, bado yananuka moshi.
Akayatandika juu ya kalavati
kama anayemfunika mtu mwenye homa, akamimina maji.
"Siku ngapi?"
"Saba. Ukizidisha si vibaya."
Akacheka peke yake gizani.
"Maisha yangu yote, saba za moto.
Nawe umekwenda chuo kujifunza saba za maji."

Usiku wa tatu nilimkuta amelala pale, ndoo kando.
Kabla sijamwamsha aliinua pembe ya gunia,
akaingiza kiganja, akanusa.
"Ongeza moja," akasema,
macho yamefumba.

Nikachukua ndoo, nikaenda kisimani.