Karatasi za Kaki

Alfajiri ile walipiga simu kutoka makaburini.
Sauti ya kijana, mpole, yenye mafua:
"Samahani, marehemu alikuwa na urefu gani?"
Tukatazamana. Watoto watano wazima,
na hapana hata mmoja aliyejua.
Nassor akasema futi sita. Raya akasema, wewe, sita!
Mama akajikokota hadi mlango wa jiko,
akabandika kiganja kwenye fremu:
"Hapa. Kofia yake ikigusa hapa.
Futi kamba imo sandukuni mwake. Leteni."

Ndimo tulimozikuta karatasi.

Nani kati yetu asiyezikumbuka?
Kila Septemba, skuli hazijafunguliwa,
baba alirudi kiwandani na kipande cha kaki
kilichofungiwa ngozi, akakitandaza sakafuni.
"Simama wima. Usikunje vidole, mwizi we."
Penseli ikauzunguka unyayo, baridi, ikitekenya,
ikapita kisigino, ikapanda upande wa pili,
nasi tukicheka, tukiyumba,
tukimshika kipara tusianguke.

Northampton, mji wa viatu. Miaka thelathini na mmoja
alikata ngozi kwa miguu ya watu asiowajua,
zamu ya usiku, ya asubuhi, tena ya usiku,
na Bwana Tebbutt, msimamizi, akimwita Maki,
kana kwamba kulimaliza jina la Makame
kungelipiwa ovataimu.
Jumamosi alitushonea vyetu, bandani nyuma ya nyumba,
kwa vipande vilivyokataliwa:
Seif alivaa cha kushoto cheusi, cha kulia kahawia
iliyopakwa rangi mpaka ikakiri kuwa nyeusi.
Ilimradi asitoke mtu na soli iliyotoboka.

Hakuwa mtu wa maneno.
Ukimwambia, nakupenda baba
(hayo tuliyaokota skuli, kwa Kiingereza),
alitazama chini miguuni mwako:
"Hicho hakikubani?"

Kiwanda kilipofungwa alipewa saa ya ukutani
na mkono wa kwaheri. Saa ikafa mwaka wa pili.
Yeye akaendelea, mpaka miaka tisini kasoro miwili:
akawapeleka wajukuu skuli kwenye theluji,
mmoja kila mkono, wa tatu kamshika koti;
akamwogesha mama alipovunjika nyonga;
akajifunza kupika wali, ukaungua,
tukaula, tukaomba mwingine.

Zilikuwa zimepangwa kwa miaka, kwa mwandiko wake wa kulala.
Nassor, 1971. Raya, 1974. Seif, 1977, ana homa.
Mimi, 1982, amekataa kusimama.
Na katikati, imekunjwa mara moja tu,
moja ndogo: unyayo mzima
haukufika urefu wa kidole changu cha kati.
Haina jina. Novemba 1978. Siku tatu.

Mama aliiona mkononi mwangu.
"Rudisha pale pale ilipokuwa," akasema.
Kisha akaishika futi kamba kwa ncha,
akampa Nassor ncha ya pili,
wakaupima mlango.

Futi tano, inchi nane. Nikamwambia kijana wa makaburini.
Akashukuru. Akapiga chafya. Akaomba radhi.

Wanaume waliporudi kuzika, ukumbi ukajaa viatu,
vyenye tope, vya kila namna,
na pembeni, vikavu, vya baba.
Nikakigeuza cha kulia. Soli mpya, ya mwezi uliopita,
na kisigino kishalika, upande wa nje, vibaya.
Alikuwa akichechemea. Tangu lini?
Watano sisi, na wote alikuwa akitutangulia njiani.

Nikatandaza kaki sakafuni, nikakiweka juu yake.
Mwanangu Zakariya akachuchumaa karibu,
akauliza mbona nachora kiatu
kisichokuwa na mtu ndani.
Sikumjibu. Penseli ilikuwa bado kisiginoni.