Maoni Mengine

Swali la saba: kuanzia moja hadi tano,
umeridhika kiasi gani na huduma?
Nsimire anatazama dirisha. Mvua ya Kadutu
inashuka na udongo mwekundu hadi mlangoni.

Ana miaka kumi na mmoja. "Tano ni nini?" anauliza.
Tano ni vizuri sana, namwambia.
"Na yule anayepika uji, naye mnampima?"
Hayumo kwenye fomu. Namwandika pembeni, kwa penseli:
Mama Nabintu, uji, haulizi kitu.

Kisha anahesabu kwa vidole:
amemsimulia polisi, daktari,
dada wa kwanza aliyeondoka mradi ulipokwisha,
dada wa pili.
"Wewe ni wa tano," anasema. "Basi andika tano."

Biki yangu inasita.
Nasema: leo husimulii. Leo unatupima sisi.

Anafikiri kidogo.
"Basi toeni lile bango la barabarani.
Likisomwa, na mimi nasomwa.
Na mlango huu, komeo lake liko nje."

Nainuka, nalitazama. Miezi minane napita mlango huu.
Ni kweli: liko nje.

Jioni, ofisini kule Nyawera, kompyuta inadai tarakimu.
Wastani wa kituo: nne nukta mbili. Watafurahi.
Nafungua kisanduku cha mwisho, maoni mengine,
mistari miwili tu waliyotuachia.
Naandika: komeo.
Naandika: uji uendelee.