Maili za Kusukuma

Fomu ilikuja jikoni Jumatatu,
imekunjwa mara nne, imelowa jasho la kiganja.
Rowan wa darasa la tano aliisogeza juu ya kaunta
kati ya trei ya viazi na sufuria la maharage:
"Unatoa ngapi kwa maili?"
Hakuna hodi, hakuna shikamoo.
Watoto wa Barrow huingia katika jambo
kama mvua ya kwao inavyoingia kolani.

Nikasoma. Juu kabisa, kwa kalamu ya kijani,
herufi kubwa zilizoegemeana:
TUNAENDESHA BAISKELI KUIPINGA SARATANI.
Neno zima, mchana kweupe.

Kwetu Pangani hatukulitamka.
Tulisema ugonjwa ule. Tulisema amechoka tu,
na mlango tukaurudishia.
Chausiku alipungua ndani ya nyumba
kama sabuni juu ya jiwe la kufulia,
na sisi, watu wa maneno mengi,
hatukuwa na moja la kumpa.

Nikaandika: peni ishirini kwa maili.
Penye nafasi ya jina
nikaandika lake, si langu.

*

Jumamosi upepo ulitoka baharini bila kupumzika.
Watoto sitini na mmoja walivuka daraja
kuelekea kisiwa cha Walney,
mwalimu Braithwaite mbele na filimbi yake,
nyuma gari la fundi, na ndani mimi na ndizi.
Migongoni, karatasi na pini:
Kwa bibi June. Kwa baba.
Kwa Bwana Tyson wa duka la samaki.
Mmoja aliandika: Kwa mbwa wetu,
wala hakuna aliyecheka.
Kule majini mapangaboi ya umeme
yalizunguka taratibu, bila jasho.

Baiskeli ya Rowan ni ya dada yake, ya zambarau,
ina kikapu chenye ua la plastiki.
Maili ya saba mnyororo ukachomoka.
Ukarudishwa.
Mwisho wa maili ya nane ukakatika kabisa,
ukalala barabarani kama nyoka aliyegongwa.
Gari likasimama, mlango ukafunguliwa.
Akakataa kupanda.
Akashika usukani, akaanza kusukuma,
akinung'unika hesabu zake:
Bwana Huddleston ameahidi peni hamsini
kwa maili ya kuendesha. Ameipigia mstari.
"Je, za kusukuma zinahesabiwa?"

Nikashuka na ndizi zangu. Tukatembea.
Nilitaka kumwambia kwamba najua kusukuma:
kitanda chenye gurudumu moja bovu,
korido ya hospitali kule Tanga, saa tisa usiku,
risiti mkononi, dirisha la dawa limefungwa.
Sikusema. Nilisema, "Kwangu mimi zinahesabiwa."
Akafikiri.
"Basi zako kumi na mbili. Zake nane."
Hakuiba hata nusu.

Kwenye uzio wa kondoo akatoa fomu mfukoni.
"Huyu Cha... Cha-u... ni wewe?"
"Ni dada yangu. Alikufa kwa saratani."
Likanitoka, dogo kuliko nilivyodhani,
upepo ukapita nalo.
"Linatamkwaje?"
Nikafikiri anauliza ugonjwa.
Alikuwa anauliza jina.

Nikamfundisha. Cha-u-si-ku. Wa usiku, aliyezaliwa usiku.
Akalisema kwa kila mzunguko wa gurudumu,
akikosea, akirudia,
ulimi ukijikwaa palepale kwenye u,
hadi darajani.

*

Jumatatu fomu ilirudi jikoni:
maili kumi na mbili, pauni mbili na peni arobaini.
Juu ya jina la dada, alama ya dole gumba,
grisi nyeusi ya mnyororo.
Nikalipa. Fomu hubaki ofisini, ndiyo kanuni.
Niliomba nakala.
Kwenye nakala grisi imetoka kijivu,
lakini jina linasomeka.