Uzi Unaonekana

Kibanda umiza cha Pazi, Kigogo,
mia mbili mlangoni, feni imekufa tangu Idi.
Leo kimondo kinaigonga dunia.
Kimondo chenyewe kiazi mbatata kilichopakwa masizi,
kinaning'inia, kinayumba,
na sote kwa pamoja: "Uzi huo! Uzi!"

Chande, mtafsiri wetu, koo limemkauka.
Profesa wa Kizungu kambatiza Mzee Mwarami,
anampigia rais: "Mheshimiwa, maji yamezidi unga!"
Mji wa maboksi unazama ndani ya beseni.
Inzi anatua juu ya ghorofa la kumi,
hakuna anayemfukuza.
Tunacheka mpaka Mwasiti anamwaga karanga.

Masika ile Msimbazi ulipoingia ndani
Chande hakutafsiri neno.
Hapakuwa na muziki wa kututahadharisha.
Maji yalibeba godoro, yakabeba cherehani ya mama,
kimya, kama yametumwa.
Nilitazama juu, nitafute uzi niunyooshee kidole.
Mawingu tu.

Pazi, rudisha nyuma kidogo,
pale kiazi kinapoanza kushuka.
Safari hii mniachie,
nipige kelele wa kwanza.