Pengo la Kumi na Saba

Siku ya tatu hatukumpa jembe;
tulimpa mgongo.
Nazibrola alimmwagia ndoo kutoka roshani,
maji yaliyooshea viazi,
naye akaificha kamera kotini kama kichanga.
Alhamisi iliyofuata alikuwepo tena.

Uani kwetu, Tbilisi, juu ya reli,
lifti haipandi bila sarafu
na kila kamba ya nguo ina mwenyewe.
Tuliwazoea watu wa kupiga na kwenda,
wanaozipenda kuta zetu kwa kuwa zinaanguka.
Huyu, Vazha, alirudi na bahasha.
"Hizi ni zenu," akaziacha kwenye meza ya domino.
Hakuna aliyezigusa mpaka alipoondoka.
Kisha tukazigombania.

Mwaka wa nne akampiga Tariel
amelala ngazini, chupa ubavuni,
kiatu kimoja.
Tariel alipolevuka na kuambiwa
alimfuata mpaka kituo cha basi: "Ikate."
Vazha akaja na mkanda,
akaazima mkasi wa Nazibrola,
akaikata mbele ya macho yetu,
vipande vikaangukia maganda ya alizeti.
Hakuhubiri. Aliomba maji ya kunywa.
Siku hiyo akapewa kiti.

Toka hapo alipiga alichotaka:
mwokaji kajiinamia tanurini hadi kiunoni,
miguu tu ndiyo iliyobaki duniani;
harusi ya Lamzira, na ugomvi wa harusi ya Lamzira;
theluji juu ya gari lisilo na injini.
Miaka kumi na tisa.
Tukaacha kumwona
kama mtu asivyoiona pua yake.

Februari Tariel akafa.
Binti yake alifika kutoka Thesaloniki
bila sura ya baba hata moja,
maana mzee hakuikubali tena kamera.
Vazha akafungua daftari lake,
safu ya vijipicha vidogo kama stempu:
kumi na sita, kumi na nane,
na katikati weusi mtupu.
"Alikuwa hapa."

Binti akaweka kidole juu ya pengo.
Akakaa hivyo. Treni ikapita, vikombe vikalia.
Tulidhani atamtukana.
Akauliza: "Alivaa nini?"

Na sisi, roshani zote nne,
tukaanza kusema kwa pamoja:
koti la kahawia — hapana, la bluu,
lile la kiwandani, halina vifungo,
na kiatu kimoja,
kiatu kimoja, mwanangu,
kile kingine
Nazibrola alikuwa amekipeleka kushonwa.