Tulichokuwa Tukifuta

Manowarini mvua iliitwa takataka.
Ndivyo kilivyosema kitabu cha mafunzo, ukurasa wa tisa:
takataka ni mvua, ni mawimbi, ni kundi la ndege,
ni chochote kirudishacho mwangwi na kisiwe adui.
Nikafundishwa kuifuta. Nikawa fundi wa kufuta.
Miezi kumi na minne nilikaa gizani chini ya sitaha,
nikipangusa mbingu kama mtu apangusaye meza
ili kombora likija lisipate pa kujificha.

Halikuja.

Sasa nina miaka sitini na mmoja, niko Oklahoma,
bahari iko safari ya siku nzima kwa gari,
na ubao ule ule wa rada,
ule ule, na mchubuko wa rangi ya kijivu kwenye kona,
umepandishwa mnarani katikati ya ngano,
ukavishwa kuba jeupe kama yai.
Vijicho elfu nne na ushei, havipepesi.

Dishi la zamani, ng'ambo ya barabara, huzunguka:
hulitazama wingu, hulipa kisogo,
huzuru mbingu nzima, na baada ya dakika tano
hurudi kuuliza, tulikuwa tumefika wapi?
Letu husimama. Mwali ndio uendao.
Kijicho hiki hutangulia, kile hukawia kidogo,
na katika kukawia huko mwali hupinda shingo.
Mwenye macho haambiwi tazama.
Hili huambiwa: pale. Tena pale. Rudi pale pale.

Siku ya kwanza Maribel Ontiveros, mwanafunzi,
umri wa binti yangu wa mwisho, alisema,
"Bwana Haskew, ondoa kichujio. Nataka takataka yote."
Kidole kiligoma.
Mazoea ya miaka hayakai kichwani, hukaa kidoleni.

Kisha Mei, Jumanne, saa kumi na moja jioni.
Dalili ya mvua ni mawingu, hilo kila mtu analijua;
dalili ya chamchela ni kijani kugusana na chekundu,
matone yanayotujia na matone yanayotukimbia
yamesimama bega kwa bega, kama ndugu waliokosana.
Nilisema, "Shabaha," kwa sauti ile ya manowarini.
Maribel hakugeuka.
"Shabaha ni walio chini yake," alisema,
na mkono wake ulikuwa tayari kwenye simu.

Wynona Imotichey alikuwa akianua nguo.
King'ora kilimkuta na shuka ya tatu mkononi.
Akamshusha mama yake handakini, ngazi saba.
Ngazi ya nne mama akagoma: anataka meno yake.
Wynona akarudi ndani, akayatoa kwenye glasi,
akashuka, akafunga komeo.
Kisha nyumba ikaondoka.
Alitusimulia haya wiki iliyofuata,
bado ana kibanio cha nguo mfukoni mwa aproni.
Mimi, kwa ugonjwa wangu wa hesabu, nilijumlisha:
ngazi, meno, komeo. Dakika sita.
Mbili za mwanzo, dishi lilikuwa limempa kisogo.

Orval Stidham, jirani yake, hakuwa na handaki.
King'ora kile kile alikisikia.
Sina mstari wa kumfariji mtu hapa.

Usiku ule nilibaki peke yangu na skrini.
Dhoruba ilikuwa imeshapita mpaka wa jimbo,
na kutoka ziwani ndege wakaanza kupaa,
nukta, nukta, kisha pete inayopanuka,
mwangwi wa kitu kisichomdhuru yeyote.
Kidole kikaanza kukitafuta kitufe.
Nikautia mkono mfukoni,
nikawaacha wapite.